Mtani Wangu wa Madibira

Siku ile nyanya zilikuwa nyingi kuliko wanunuzi. Ndivyo inavyokuwa Ilula mvua zikienda vizuri: kila nyumba ina matenga, kila tenga limejaa, na mabasi ya kwenda Dar es Salaam yanasimama kidogo tu kisha yanaondoka. Mama alikaa kwenye kigoda pembeni ya lami, anapanga nyanya kwenye sado, zile ndoo ndogo za rangi tunazopimia, ndogo chini, kubwa juu. Mimi nilikuwa nyuma yake chini ya mwavuli, simu mkononi, nasoma tena tangazo la kazi ambalo nilikuwa nalisoma tangu asubuhi.

Nilikuwa nimemaliza chuo Iringa mjini, shahada ya maendeleo ya jamii, nikarudi nyumbani. Kutafuta kazi kulinifanya mtu wa kuwaza, au labda nilizaliwa hivyo. Nikituma maombi nilikaa nikiwaza kama nimetumia neno "Ndugu" mahali palipotakiwa "Mheshimiwa". Nisipojibiwa niliwaza kwamba wamesoma wakacheka.

"Rozi," Mama alisema bila kugeuka, "wewe ungekuwa nyanya ungeoza huku unajiuliza kama umeiva."

Tulikuwa bado tunacheka simu ilipoita. Alikuwa mama mmoja aliyewahi kuimba nasi kwaya kabla hajahamia mjini. Alisema kuna nafasi ya mapokezi hotelini, nchi ya Lebanoni, nauli inalipwa na wenye hoteli, wanataka msichana msomi anayejua Kiingereza. Alinitaja kwa majina yangu yote matatu. Nadhani hicho ndicho kilichonishika, kwamba mahali fulani kulikuwa na watu wanaonitaka mimi.

Niliwaza kila kitu. Niliwaza baridi ya huko, chakula, lafudhi yangu, viatu vya kusimamia mapokezi siku nzima. Nilimuuliza yule mama maswali mpaka akasema mimi ningefaa kuwa hakimu. Sikumuuliza mlango utafungwa kutoka upande gani. Mpaka leo sijui ni mtu wa namna gani angewaza kuuliza hivyo.

Hoteli haikuwepo. Uwanja wa ndege wa Beirut mwanamume mmoja alikusanya pasipoti zetu, mimi na wasichana wengine niliosafiri nao, kama mtu anayekusanya sahani mezani, kisha kila mmoja wetu akapakiwa kwenye gari lake. Mimi nilifikishwa kwenye ghorofa refu upande wa kusini wa mji, kwa familia ambayo mama mwenye nyumba aliniambia nimwite Madamu. Nililala stoo, kando ya mashine ya kufulia. Niliamka kabla ya wote na kulala baada ya wote. Nikienda kutupa taka, Madamu alisimama mlangoni mpaka nirudi. Nilipomwambia nataka kurudi nyumbani alinishangaa kwa dhati kabisa, akasema nimeshalipiwa.

Chuoni niliwahi kujibu swali la mtihani kuhusu usafirishaji haramu wa binadamu. Nilieleza vizuri: kudanganywa, kunyang'anywa hati, kufungiwa, kutumikishwa, na jinsi kila moja ya hayo inavyovunja haki ambayo mtu anazaliwa nayo. Nilipata alama nzuri. Siku moja nilikuwa nimepiga magoti nasugua bafu, jibu langu likanirudia sentensi kwa sentensi, na nikaona nimo ndani yake. Kitu kimoja hakikuwemo katika jibu lile. Haikuwemo aibu. Mtu aliyeibiwa mwenyewe anaona aibu kama aliyeiba ni yeye. Usiku nilikuwa nawaza nitamwambiaje Mama, na si nitatokaje.

Ng'ambo ya kichochoro, kwenye jengo lililotazamana na letu, kulikuwa na mwanamke mweusi aliyekuwa akipiga zulia kwenye roshani yake. Kwenye kamba aliwahi kuanika kanga. Kanga hiyo ilinisumbua siku kadhaa. Niliwaza huenda ni Mkenya, huenda ni Mkomoro, huenda kanga alipewa tu. Niliwaza Madamu akisikia naongea lugha asiyoielewa atafanya nini. Mwishowe, asubuhi moja nikianika mashuka, salamu ya kwetu ikanitoka kabla sijaipima.

"Kamwene."

Fimbo yake ya zulia ilisimama hewani.

"Kamwene," akaitika. Halafu akainama juu ya ukingo kunitazama vizuri. "We! Umetokea wapi wewe na kamwene yako?"

"Ilula."

"Mhehe?"

"Mhehe."

Akashika kiuno. "Nimetoka Madibira, nimepanda ndege, nimevuka na bahari, kumbe Mhehe ananisubiri huku! Ndiyo maana mtaa huu sioni mbwa, mmeshawala."

Nilicheka mpaka nikaziba mdomo kwa shuka. Nilikuwa sijasikia sauti yangu ikicheka tangu nifike.

"Nyinyi Wasangu," nikamjibu kwa kunong'ona, "babu zetu waliwakimbiza mpaka Usafwa, na bado mnapata mdomo wa kuongea?"

"Haya, mtani. Umekula lakini?"

Wahehe na Wasangu ni watani. Wazee wetu walipigana vita mpaka wakachoka, wakatuachia haki ya kutukanana bila kugombana. Wametuachia pia wajibu: ukisikia mtani amefiwa, unakwenda, na kazi yako huko msibani si kulia. Kazi yako ni kumwigiza marehemu, kumsema, kuwachekesha waliofiwa wapate kupumua. Nilikuwa nayajua hayo kama ninavyojua njia ya kisimani. Sikuwahi kufikiri yatanihusu.

Aliitwa Enelesi. Alikuwa mkubwa kwangu, nikamwita Dada. Alikuwa amefanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga Rujewa, na alikuwa na binti, Neema, aliyemwacha Madibira kwa mama yake. Yeye aliahidiwa duka kubwa la nguo. "Nguo nimezipata," alisema, akionyesha kamba iliyojaa suruali za watoto wa bosi wake. Hakuna siku alinihurumia kwa maneno. Kila asubuhi alinitukana kitu kipya, na kila asubuhi niliingia jikoni kwa Madamu nikiwa na kitu changu mwenyewe cha kujibu kesho yake. Nimekutana na watu hodari, wahadhiri, wahubiri, wanasiasa waliokuja chuoni kutuhutubia. Sijaona mwingine anayeweza kumrudishia mtu utu wake ng'ambo ya kichochoro, mikono yake ikiwa ndani ya beseni.

Vita ilianza mbali, upande wa mpakani, na kwa muda mrefu ilikuwa ni sauti ya televisheni sebuleni. Kisha siku moja madirisha yalitetemeka bila upepo. Madamu alipiga simu nyingi. Mumewe alishusha masanduku. Watoto walivalishwa makoti.

"Mwagilia maua," Madamu aliniambia. "Tunarudi."

Nilisikia ufunguo ukizunguka. Kisha nikasikia geti la nondo lililo nje ya mlango likivutwa, na kufuli.

Nilisimama nyuma ya mlango nikisubiri wakumbuke kwamba wamenisahau ndani. Gari likawashwa. Hawakuwa wamenisahau.

Mchana ule mabomu yalifika mtaani kwetu.

Sauti yake haifanani na radi. Radi inakuja na kupita. Hii ilipanda kutoka sakafuni, ikaingia kwenye meno.

Vioo vya sebuleni vilishuka vyote kwa pamoja.

Nilikaa kwenye korido, katikati ya kuta mbili, mbali na madirisha. Sikuwa nimefundishwa. Nilikuwa nimewaza tu, kama kawaida yangu, na safari hii kuwaza kulifaa.

Kulipopambazuka mtaa ulikuwa kimya isipokuwa mngurumo wa droni iliyozunguka juu bila kuchoka. Umeme haukuwepo. Nilidhani nimebaki peke yangu katika mji. Ndipo niliposikia mfuniko wa sufuria ukigongwa, na sauti nyembamba, ndefu, ikipanda juu ya mapaa:

"Hoooo-yaaa!"

Nilitambaa hadi roshani. Dada Enelesi alikuwa amesimama kwenye ya kwake, kanga kiunoni, mfuniko mkono mmoja na mwiko mkono mwingine. Bosi wake naye alikuwa amekimbia na funguo.

"Itika!" akanifokea. "Unaitwa, huitiki, umekuwa mzungu?"

"Niitikeje?"

"Loo. Kweli nyanya hazifundishi kitu."

Akanieleza kwa kukatiza, huku akitazama juu. Kwao Madibira mpunga ukianza kuiva wanakuja kwelea, vindege vidogo vya makundi makubwa vinavyoweza kumaliza shamba kabla ya jioni. Kila familia inajenga dungu, jukwaa la miti katikati ya majaruba, na mtu anashinda juu yake anapiga kelele na kugonga debe. Hiyo wanaita kuamia mpunga. Alfajiri, wa kwanza kupanda dunguni anaita, wa pili anaitika, wa tatu anaitika, mpaka mwisho wa mashamba. Jioni vilevile. Mmoja asipoitika, wa dungu la jirani anashuka kwenda kumwangalia. Huenda amelala. Huenda ameumwa na nyoka.

"Na shamba la huyo anayeshuka?" niliuliza.

"Linaliwa."

"Kama ni adui yake?"

"We mtoto unauliza! Huendi kwa sababu unampenda. Unakwenda kwa sababu hajaitika."

Niliitika. Sauti yangu ilitoka kama ya mbuzi, akanicheka. Kisha kutoka chini, ghorofa ya pili katika jengo lilelile la kwake, ikatoka sauti ya tatu. Ilikuwa ya Hirut, msichana wa Kiethiopia niliyekuwa nikimwona akifuta dirisha. Hakujua Kiswahili, na Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini alikuwa ameelewa kabisa kinachotakiwa. Naye alikuwa amefungiwa.

Tukawa hivyo. Asubuhi Dada Enelesi anaita, mimi naitika, Hirut anaitika. Jioni tena. Katikati ya siku kila mtu alijificha alikoweza. Mkate wangu ulipokwisha Dada Enelesi alifunga wa kwake ndani ya ile kanga, akaizungusha kama mtu anayerusha udongo kwa kombeo, ikavuka kichochoro na kuniangukia kifuani.

"Mkate ule, kanga uniwekee!" alipaza sauti. "Wahehe siwaamini na kitu cha watu."

Niliwaza sana siku zile, ndani ya korido, juu ya uhodari ni kitu gani. Nilikuwa nimeudhania kuwa ni kutoogopa. Lakini kila mara nilimwona akichungulia angani kwanza, nusu mwili bado ndani, kabla ya kutoka na mfuniko. Alikuwa akiogopa kama mimi. Tofauti ni kwamba woga haukumzuia kutoka nje na kuita, saa ileile, kana kwamba kuna shamba linamtegemea.

Asubuhi moja aliita mapema kuliko kawaida. Mlinzi wa jengo lao, mzee aliyekuwa amebaki akilinda mali za wengine, alikuwa ameamua kuondoka. Kabla ya kuondoka alipita na ufunguo wa akiba akamfungulia. Ufunguo wa kwa Hirut hakuwa nao.

"Mtani, mlango wangu uko wazi!" alisema. "Mzee anasema barabara kubwa kuna gari la watu wa kujitolea, linachukua wafanyakazi walioachwa."

Nikamwambia asante Mungu. Nilisema kwa furaha ya kweli, na papo hapo nikaanza kutunga kichwani namna ya kumuaga ili asijisikie vibaya kuniacha. Nilikuwa nimeshafika sentensi ya tatu aliposema:

"Nakuja huko. Anza kubomoa upande wako."

Mabomu ya siku zilizopita yalikuwa yameufanyia ukuta kazi. Pembeni mwa fremu ya mlango lipu ilikuwa imepasuka, na Madamu alikuwa amefunga mlango wa mbao kwa kitasa chepesi nilichokishinda kwa nyundo ya kulainishia nyama. Lililobaki ni geti. Nimekua nikibomoa na kugongomea matenga ya nyanya. Najua chuma kinaachia pale kinaposhikiliwa, hakiachii katikati. Nilichimba lipu kuzunguka maungio kwa kisu cha jikoni. Yeye alikuwa nje na kipande cha nondo alichookota ngazini, akikitumia kama mtaimbo. Kila mmoja wetu alikuwa hatua moja kutoka kwa mwenzake, na ilikuwa mara yetu ya kwanza kuwa karibu hivyo.

"Dada Enelesi, nenda tu," nilimwambia kupitia nondo. "Una mtoto."

"Na wewe mama yako amezaa nini, tenga?"

"Gari litaondoka."

"Basi chimba, acha hotuba."

Ungio la juu lilitoka. La chini lilipinda. Alivuta, nikasukuma, geti likaanguka upande wa ngazi kwa kishindo kilichotufanya sote tuiname. Tulipoinuka alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Kumbe mfupi hivi," alisema.

Alinishika mkono tukashuka. Mkono wake ulikuwa mkavu na wenye nguvu. Katika yote, huo mkono ndio ninaoukumbuka kwanza.

Chini, kwenye kichochoro, alisimama.

"Hirut ameitika leo?"

Nilifikiri. Mimi nilikuwa nimeitika. Kisha tulikuwa tumeanza mambo ya mlango.

"Sikumsikia," nilisema.

"Hata mimi."

Aliita kuelekea juu. Hakuna aliyeitika. Droni ilikuwa inanguruma.

"Wewe kimbia barabarani," alisema. "Kawazuie wale wa gari. Unajua kuongea nao, mimi watanielewa vipi? Mimi namfuata."

"Twende wote."

"Gari likiondoka tumefanya nini? Nenda. Ukifika uite. Nikiitika ujue nipo."

Nilikimbia. Gari lilikuwepo, basi dogo jeupe, na wanawake wa mataifa mbalimbali walikuwa wamejaa ndani wakiwa na mifuko ya plastiki mapajani. Dereva alikuwa akiwasha. Nilisimama mbele ya gari nikanyoosha mikono, nikaongea Kiingereza chote nilichosomeshwa na mama yangu kwa nyanya. Sikujali sarufi. Niliwaambia wapo wawili, wanakuja, wako pale, mnaweza kuwasikia. Nikageuka nikaita.

"Hoooo-yaaa!"

Akaitika. Ilikuwa sauti ya ndani ya jengo, ya mbali. Dereva alinitazama, akazima injini.

Niliita tena baada ya muda. Akaitika. Nilisikia vishindo vya nondo juu ya mlango.

Niliita tena. Akaitika, na sauti safari hii ilikuwa ya ngazini, inashuka.

Kisha anga likapasuka.

Nilikuwa chini, mdomo umejaa mchanga.

Niliita.

Vumbi lilikuwa jeupe. Sikuona jengo.

Niliita tena.

Nilikwenda. Naandika hivi kwa sababu ni mara moja tu maishani mwangu nilipofanya jambo bila kuliwaza kwanza. Hakuitika, nikaenda.

Hirut alikuwa amepiga magoti mdomoni mwa ngazi, hai, mwili mzima umekuwa rangi ya unga. Alikuwa ameshikwa na homa usiku, sauti ikamkauka. Ndiyo maana hakuitika. Nyuma yake hapakuwa na ngazi tena. Palikuwa na zege.

"Alinisukuma," alinong'ona. "Mbele. Alinisukuma mbele."

Niliita kuelekea kwenye lile zege. Wale wa kujitolea walikuja wakaita nami, bila kujua ni mwito wa wapi, waliniiga tu. Tuliita mpaka dereva akaja kutushika mabega akasema lazima tuondoke.

Hakuitika.

Zimepita siku nyingi na nimewaza kwa kadiri yangu yote. Nimewaza laiti Hirut angekuwa na sauti. Laiti geti langu lingeachia mapema. Laiti nisingesema kamwene asubuhi ile, asingekuwa na mtani wa kumfuata. Mawazo hayo yote yanazunguka na kurudi mahali pamoja. Mabomu yaliangukia mji mzima, na watu wa mji ule nao walikufa, nao waliliwa na hofu, siwasahau. Lakini waliweza kukimbia. Kufuli liliwekwa kwa ajili yetu. Kuna watu walikaa mezani, huku na kule, wakakubaliana kwamba mwanamke wa Madibira ni mali, na mali huachwa ndani ya nyumba pamoja na makochi. Yote mengine yalifuata hapo.

Na yeye, aliyefanywa mali, ndiye aliyeshuka kutoka dunguni kwake akaacha shamba lake liliwe. Nikiulizwa haki za binadamu ni nini, sasa ninajibu kwa kumsimulia yeye.

Tulikaa kwenye ukumbi wa kanisa moja mpaka safari ya kurudi ikapatikana. Hirut alirudi kwao. Huwa tunatumiana ujumbe wa sauti, na kila ujumbe wake unaanza na mwito. Mimi nilirudi Ilula. Siku ya kwanza Mama alinisogezea kigoda na sado tupu, nikaanza kupanga, ndogo chini, kubwa juu. Siku ya pili ndipo nilipomweleza, naye alilia kimya kisha akasema, "Twende kituo cha polisi." Yule mama wa kwaya ana kesi, na nimeshatoa maelezo yangu. Nitakapoitwa mahakamani nitakwenda. Ninaogopa, ninafanya mazoezi ya majibu hata nikiwa naoga, lakini nitakwenda.

Habari za uhakika kuhusu Dada Enelesi zilichelewa miezi. Mwili haukuletwa, alizikwa kulekule, pamoja na wengine ambao ndugu zao hawakuweza kufika. Familia ilipopata uthibitisho ikaweka siku ya kumaliza msiba. Nikapigiwa simu na Mama Enelesi mwenyewe.

"Wewe ndiye yule Mhehe?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Alikutaja aliporuhusiwa kupiga simu. Uje ufanye kazi yako."

Kutoka Ilula nilipita Iringa, nikapita Mafinga, nikateremka kutoka baridi ya juu hadi kwenye joto la bonde la Usangu. Njia nzima nilitunga utani. Nilikuwa na maneno mengi, yote mabaya. Niliwaza nikichekesha nitaonekana sina adabu, nisipochekesha nitaonekana sikumpenda, na nikilia nitakuwa nimeshindwa kazi niliyoitiwa. Nilipofika Madibira mpunga ulikuwa umeshaanza kuiva, wa manjano mpaka macho yanapoishia, na madungu yalisimama juu yake kama meza ndefu zilizosahauliwa shambani.

Wanawake walikuwa wamekaa chini ya turubai. Neema alikuwa amelala kichwa mapajani mwa bibi yake. Mtu akasema, "Mtani amefika," na wote wakageuka.

Maneno yangu yote yakapotea.

Nilifungua mfuko nikatoa kanga. Nilikuwa nimeiweka, kama alivyoniagiza. Mama yake aliitambua, akaweka mkono mdomoni. Niliifunga kiunoni chini kidogo, kama alivyoifunga yeye, nikaomba mfuniko wa sufuria na mwiko. Wakaniletea. Nikapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, nikashika kiuno, nikawatazama waombolezaji kwa dharau, kama alivyonitazama mimi siku ya kwanza.

"Nimetoka Ilula kote huko," nilisema kwa sauti yake, "kuja kuwauliza nyinyi Wasangu. Mtu wenu anaitwa, haitiki. Amekuwa mzungu?"

Nilidhani nimeharibu. Kisha Mama Enelesi akacheka. Kilikuwa kicheko kilichochanika katikati, lakini kilikuwa kicheko, na wanawake wengine wakakidaka. Mmoja akasema, "Huyo ndiye! Ndivyo alivyosimama!" Neema alikuwa ameinua kichwa ananitazama.

"Mwite basi," bibi yake akasema. "Alikuwa anaitaje huko?"

Niligonga mfuniko. Niliinua uso nikaita kwa nguvu zote nilizonazo, nyembamba, ndefu, kama alivyonifundisha.

"Hoooo-yaaa!"

Dungu la kwanza, nyuma ya nyumba, likaitika. Mtu aliyekuwa juu yake hakujua habari za turubai. Alisikia mwito akaitika. La pili likaitika, kisha la mbele yake, kisha jingine mbali zaidi, sauti ya mzee, sauti ya mwanamke, sauti inayopasuka ya kijana, zikikimbia juu ya mpunga kuelekea mtoni mpaka ya mwisho ikawa ndogo kama mbu.

Dungu la mwisho lilikuwa limeshaitika, nasi chini ya turubai tukaendelea kusikiliza kidogo.